Sakafu ya Mama Damiani

Damiani alinipigia simu alfajiri, nikiwa bado nimekaa kwenye mswala. Hakunisalimia. Alisema tu, "Issa, Mama ametutoka," nami nikasema inna lillahi, kisha nikamwambia pole sana, ndugu yangu, nakuja. Nikapanda basi la asubuhi kutoka Kondoa kwenda Dodoma. Msibani nilikaa na wanaume chini ya turubai, na mzee mmoja aliyekuwa kiti cha jirani, baada ya kuitazama kofia yangu kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Na wewe mwenzetu, marehemu alikuwa nani kwako?" Nikamwambia niliwahi kumfanyia kazi zamani. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Jibu lilikuwa la kweli ila lilikuwa dogo mno. Kwaya ilipokuwa ikiimba, mawazo yangu hayakuwa kwenye jeneza. Nilikuwa nimeshateremka ngazi za chumba chake cha chini, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na moja, na ilinibidi niinamishe uso ili watu wasione kwamba natabasamu msibani.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka tu mikononi mwa baba mdogo Shabani, aliyenifundisha uashi, na nilikuwa nimewatangazia watu wote wa mtaani kwetu kwamba nakwenda Dodoma kujitegemea. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akifyatua matofali pembeni ya mji ndiye aliyenidokeza kuwa kuna mama mjane, njia ya kwenda Zuzu, ambaye chumba chake cha chini kinaingiza maji na mafundi waliotangulia wameshamkimbia. Chumba cha nini, hakusema. Nilifika Desemba, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, nikamkuta mwanamke mrefu amevaa mabuti ya mpira na kitenge kilichopandishwa magotini, anachimba kijifereji cha kuyapitisha maji ya mvua mbali na mlango wake. Nyuma ya nyumba mizabibu ilikuwa imetambaa kwenye waya mpaka chini ya mteremko, na ng'ambo ya mizabibu ilipita reli. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akaniuliza jina, nikamwambia Issa. "Issa wa wapi?" Nikamwambia wa Kondoa. Akachomeka jembe kwenye udongo, akanitazama usoni.

"Basi nikwambie kabla hujashusha huo mfuko wako," alisema. "Chumba unachokuja kukiziba ni cha mvinyo. Zabibu zile pale nazikamua mwenyewe, nahifadhi humo chini, na wanaonunua ni parokia na watu wengine. Ukitaka kurudi, sitakulaumu. Lakini kula kwanza. Jua la mchana huu si la kurudi nalo na njaa."

Nikala. Ulikuwa ugali wa uwele, mweusi na wa moto, na mlenda uliotiwa karanga, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Nimekula vyakula vingi tangu siku ile, vingine kwenye hoteli za watu wakubwa, lakini nikifumba macho mlenda ule bado naupata ulimini. Alinipakulia kwenye sahani ya bati ya bluu, akasema sahani hiyo itakuwa yangu, na sufuria ile ndogo pia, na kwamba humo hakutapita kitu nisichokula. Ndipo nilipogundua kwamba anazungumza kana kwamba nimeshakubali. Nilipomaliza nikaomba nikione tu hicho chumba, nikijiambia kwamba kuona si kufanya. Tukashuka ngazi za mawe. Nje jua lilikuwa linaunguza, lakini mle ndani palikuwa na ubaridi mzuri wa kisima. Marehemu mumewe ndiye aliyekichimba, maana mvinyo hautaki joto, na majirani walikuwa wakimcheka kwamba anajichimbia kaburi akiwa hai. Kuta zilikuwa za mawe, nzuri, zimenyooka. Shida ilikuwa pale chini, ukuta ulipokutana na jamvi, yaani lile zege la sakafu. Kuuzunguka ukuta wote palikuwa na mwanya, mahali pengine wa kupitisha ncha ya kisu, mahali pengine kidole changu kidogo kiliingia, na maji yalikuwa yakichungulia humo polepole, yenye rangi ya udongo. Mapipa alikuwa ameyanyanyua juu ya matofali. Ukutani ukungu ulikuwa umepanda mpaka kiunoni, na harufu yake ilikuwa imeingia kwenye mvinyo. Parokia walikuwa wameshaurudisha ule wa mwisho, kwa adabu, wakisema padri analalamika.

"Damiani anataka niuze shamba nihamie kwake Dar es Salaam," alisema, akipangusa pipa kwa kona ya kitenge. "Nimemwambia nivune mara moja tena. Mvinyo wa mavuno hayo ukitoka mzuri, nabaki. Ukinuka tena, nang'oa mizabibu naenda kukaa ghorofani nimwangalizie wajukuu." Akacheka, lakini mkono wake uliendelea kupangusa pipa lililokuwa safi tayari. Nikafungua mfuko, nikatoa tindo na nyundo. Nikajiambia kuwa mimi naziba maji, na maji hayana dini. Ilikuwa hoja ya kijana mwenye hamu ya kazi, lakini mpaka leo, na mvi hizi, sijaipata nyingine iliyo bora zaidi ya hiyo.

Kazi yangu ya kwanza ilipendeza sana kuitazama. Nilikwangua mwanya wote, nikausafisha, nikaujaza simenti nzito, nikaisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa. Mama Damiani akaja na taa, akatembea kando ya kuta zote nne akiwa anasema "ehee, ehee," na usiku huo akanipikia wali. Jumapili alipotoka kanisani akaniletea jogoo na kisu. "Chinja wewe," alisema, "mimi nikichinja utakula macho yamefumba." Ikawa ndiyo desturi yetu kwa mwaka mzima. Nililala kwenye chumba kidogo kando ya jiko, na kila ilipokaribia adhuhuri, akiwa huko shambani katikati ya mizabibu, alikuwa akipaza sauti, "Issa! Jua limesimama!" hata siku ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimejisahau. Wanawake waliopita na ndoo zao walimsalimia "mbukwa," naye akawajibu, kisha wakamuuliza kwa Kigogo huyo kijana ni nani, na alichowajibu sikukijua ila kiliwachekesha kila mara.

Januari mvua kubwa ikaja. Ilinyesha tangu mchana, na jioni tulipoteremka tukayasikia maji kabla ya kuyaona, sauti ndogo ya kubwabwaja, kama mtoto anayejifunza kuongea. Simenti yangu ilikuwa imepasuka upande wa juu wa mteremko, vipande vimeinuka kama ukoko wa ugali, na maji yanatoka chini yake kwa nguvu. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa nimeshika kichwa. Nilijiona nikirudi Kondoa, watu wakiniuliza mbona mapema hivi. Mama Damiani alivua mabuti yake, akaingia na ndoo, akaanza kuteka. Baada ya ndoo chache akasema bila kugeuka, "Sasa utanisaidia kuteka, au mpaka umalize kulia?" Nikashuka. Tuliteka mpaka mikono ikagoma, kisha tukapanda juu tukanywa chai ya tangawizi tukiwa tumelowa, na pale kwenye chai ndipo alipouliza swali ambalo mimi fundi sikuwa nimejiuliza: "Haya maji, Issa, yanatokea wapi?" Kesho yake nikaanza kuchimba nje, upande wa juu, nikaenda chini mpaka kwenye msingi, nikajaza kokoto na kuyaelekeza maji yashukie kwenye mizabibu. Ilikuwa kazi ya jasho, udongo ule ukilowa unang'ang'ania chepe na hautaki kuachia. Maji yakapungua sana. Lakini hayakuisha, na ukungu nao haukuondoka.

Kisha mvua zikakatika, udongo wa Dodoma ukaanza kukauka, nami nikaona jambo lililoniondolea usingizi. Hapakuwa na maji tena, lakini mwanya ulikuwa unazidi kupanuka. Simenti niliyoirudishia ilikuwa imeachana na ukuta, ningeweza kuing'oa kwa vidole kuanzia kona moja hadi nyingine. Hata usiku treni ilipopita nilihisi kwamba sakafu ile inacheza. Sikumwambia. Nilijifanya nina shughuli jikoni kwake, nikarekebisha meko, nikapiga plasta mahali pasipohitaji plasta.

Ilikuwa katika siku hizo baba mdogo Shabani alipokuja. Habari zilikuwa zimemfikia msikitini Kondoa, kwamba mwanawe anajenga kilabu cha pombe Dodoma, na hakuwa mtu wa kutuma ujumbe. Mimi nilikuwa chini, nakwangua ukungu, nikasikia sauti yake ikiingia kupitia tundu la hewa lililokuwa karibu na dari, juu yake kukiwa na baraza. Nikazima hata pumzi. Nikamsikia Mama Damiani akimkaribisha, akisogeza kiti, akimpa maji ya kunawa. Baba mdogo akasema hakai, amemfuata kijana wake. "Ni haki yako," Mama Damiani akajibu. "Mimi nilimwambia siku ya kwanza humu mna nini, hakudanganywa. Mchukue, shemeji. Ila unywe chai kwanza, iko kwenye sufuria yake mwenyewe." Nikasikia kikombe. Kisha baba mdogo akauliza, kwa sauti nyingine kidogo, kama huwa naswali vyema. Mama Damiani akasema naswali, na nikichelewa yeye hunikumbusha. Ndipo mama yule, ambaye nadhani alikuwa amewajua mafundi kwa muda wa kutosha, akasema, "Basi tu kazi imemshinda. Wewe si ndiye uliyemfundisha?"

Kiti kikasukumwa nyuma. Punde nikaona miguu ya baba mdogo kwenye ngazi. Aliingia akiwa ameyapa mapipa mgongo, na muda wote aliokaa mle hakugeuka hata mara moja, akawa anatembea kiubavu kama kaa. Shikamoo yangu aliiitikia kwa midomo tu. Akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye mwanya, akakitembeza polepole hadi kwenye kona.

"Ulitaka vishikane," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Havitashikana. Ukuta umesimama kwenye msingi wake, jamvi limelala juu ya udongo. Udongo wa huku ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea. Jamvi linapanda na kushuka kila mwaka, ukuta umetulia. Ukiweka kitu kigumu katikati yao kitavunjika tu. Weka kitu laini, kinachovutika. Sisi kwenye matangi ya maji tulitumia kamba za katani zilizolowekwa kwenye lami."

Mama Damiani alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Lami inanuka, shemeji," alisema. "Na mvinyo unabeba harufu kuliko nguo."

"Basi toeni vitu vyenu kwanza," akaujibu ukuta, si yeye. Aliinuka, akajipangusa magoti, na tulipofika juu akanivuta pembeni ya nyumba. Nilisubiri matusi. Akasema, "Ulimwahidi utamaliza?" Nikasema nilimwahidi. "Maliza. Ukimaliza, toka, na kazi ya humo usiirudie tena." Akakataa kulala. Lakini chakula alikula, na alipoondoka alikuwa amebeba kifurushi cha karanga alichofungiwa.

Nilimtii. Kazi ya mle sikuirudia. Kwenda kumsalimia mama yangu yule hakuna aliyenikataza, na kila nilipopita Dodoma miaka yote iliyofuata niliteremka njia ya Zuzu nikala sahani moja ya mlenda. Siku hizi mji umejaa maghorofa, na vijana wananiita nikawaangalizie vyumba vya chini vya kuegeshea magari. Wana dawa za kuziba zinazokuja kwenye mirija, wanaminya kama dawa ya meno. Nazisifu, ni nzuri kweli. Lakini nikipiga goti na kupitisha kidole pale ukuta unapokutana na sakafu, ninachosikia ni sauti ya baba mdogo akizungumza na ukuta.

Juni ile, baada ya baba mdogo kuondoka, tukayatoa mapipa. Mengine yaliingia chumbani kwa Mama Damiani, akawa analala katikati yake, anasema amepata wanaume wanene wasiokoroma. Upepo wa baridi wa uwanda wetu ulikuwa umeanza, ule unaokausha midomo, na ulitufaa kwa kukausha chumba. Nilichonga mwanya kwa tindo kuuzunguka ukuta wote, ukawa mfereji mwembamba wenye kina cha kiganja, vumbi likinijaa puani. Yeye alikaa kwenye ngazi akimenya karanga na kuniangazia taa, na wakati huo tuliongea mambo ambayo watu hawaongei wakiwa wanatazamana. Alinieleza jinsi mumewe alivyoumwa, akiwa anatoa maagizo ya mizabibu mpaka sauti ilipokatika. Mimi nikamwambia kwamba naogopa sijui kazi, naogopa baba mdogo alinipa uhuru mapema. Akamenya karanga kadhaa kabla ya kujibu. "Hata mimi mizabibu hii sikuijua. Nilikuwa mpishi tu humu. Mwaka wa kwanza baada ya yeye kufa niliipogoa vibaya, nikapata majani tupu. Mwaka wa pili nikapata zabibu. Ni hivyo tu, Issa, hakuna siri." Nilikuwa nimeinama na tindo mkononi, na nilishukuru kwamba giza lilinificha uso.

Lami tuliichemsha nje kwenye debe. Nikaloweka kamba, nikazishindilia kwenye mfereji kwa kipande cha mti, tabaka juu ya tabaka, nikamalizia kwa lami tupu na kuinyunyizia mchanga mkavu isinate. Haikupendeza kuitazama, nyeusi na mbaya, lakini ukiibonyeza kwa gumba ilikubali na kurudi. Kilichobaki kilikuwa harufu. Chumba kilinuka kama barabara mpya. Tukafungua mlango na matundu yote, na huko shambani zabibu zikaendelea kujaa bila kutusubiri. Nilimuuliza tutajuaje harufu imekwisha, kwa kuwa pua zetu zilikuwa zimeshaizoea. Akaenda akarudi na bakuli la maziwa mabichi. "Maziwa yanabeba harufu kama mvinyo," alisema. "Yatalala humu. Asubuhi utaonja wewe, mvinyo huwezi kunionjea." Asubuhi nikaonja. Nikakimbilia nje nikatema, na yeye akacheka mpaka akakaa chini kwenye mavumbi. Siku kadhaa baadaye tukarudia, nikatema tena. Jirani zake wakaanza kuvuna. Ndege wakaanza kudonoa za kwetu, naye akawa anazunguka shambani akipiga debe, haongei sana. Damiani alikuwa ameandika kwamba anakuja mwisho wa mwezi kumsaidia kufunga mizigo.

Asubuhi moja nikashuka mwenyewe, yeye akiwa bado anafagia uwanja. Nikachukua bakuli, nikanywa funda moja, nikalishikilia mdomoni. Nikanywa la pili. Nikamaliza bakuli zima. Nilipotokeza juu alisimama na ufagio. "Mama," nilisema, "maziwa yale yameisha, naomba mengine." Aliutupa ufagio, akaniita jina langu, kisha akaenda moja kwa moja shambani bila hata kuvaa mabuti, na siku hiyohiyo tukaanza kuvuna. Zabibu nilikata na mimi, nikala nyingi kuliko nilizotia kwenye kikapu. Walipoanza kukamua nikachukua mwiko wangu nikaenda kumpigia jirani plasta.

Damiani alikuja, akakuta mapipa yamesharudi chini na mama yake anaimba. Hakufunga mzigo wowote. Na Desemba ilipofika, mvua ya kwanza kubwa ikapiga mchana kweupe, ikaezua hata bati la banda la kuku. Ilipotulia tuliteremka pamoja. Hakunikubalia niwashe taa. Alivua mabuti, akatembea peku kando ya ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiburuza nyayo polepole, nami nikasimama kwenye ngazi nikisikiliza nyayo zile zinavyokwaruza sakafu. Mahali penye maji zingenyamaza. Hazikunyamaza hata kidogo. Alipomaliza ukuta wa nne akasema gizani, "Vumbi. Issa, nakanyaga vumbi."

Nilitakiwa kuondoka wiki hiyo, lakini nikakumbuka bati la banda la kuku. Baada ya bati nikakumbuka ngazi moja iliyokuwa inacheza. Nilipoanza kuutazama mlango wa choo, Mama Damiani aliniletea mfuko wangu, ameshaupanga, akauweka miguuni pangu. "Nyumba yangu haina tena pa kuziba," alisema. "Nenda kazibe za watu." Aligeuka haraka, akaenda kuwapigia kelele kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa.

Nilifika Kondoa magharibi. Baba mdogo aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza habari za safari, tukaswali, tukaketi kwenye mkeka kula. Hakusema lolote juu ya Dodoma. Alikula kwa taratibu yake ya siku zote, akitazama chakula. Nami nilikuwa nimejiandaa na majibu njia nzima. Hatimaye, akiwa anakata tonge, akauliza:

"Maji yaliingia?"

"Hayakuingia, baba."

Akala lile tonge. Akakata jingine, akalichovya, akalishikilia kidogo hewani.

"Na shemeji," alisema, "hajambo?"

Nikamwambia hajambo, anakusalimu sana. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, kisha akalisukuma bakuli la nyama mpaka upande wangu.